Sauti Iliyosimama Mlangoni

Tarehe nne mwezi wa tatu mwaka huu, redio yangu ilimeza mkanda wa kaseti ya kwaya yetu ya zamani. Humo ndimo ilimobaki sauti ya mke wangu Faida, tuliyemzika mwezi wa kumi mwaka jana, hapa hapa kambini Nakivale. Sikuwa na sauti yake fasi nyingine yoyote. Simu yake ilikuwa na picha tu. Faida hakupenda kujirekodi kwenye simu. Alisema simu inamfanya mtu aongee kama anayejibu polisi.

Ndugu zangu wa kanisa na majirani, mmeniuliza nilikwenda wapi bila kuaga, na kwa nini nimerudi nikicheka. Mimi si mtu wa maneno mengi, na kusimulia jambo hili mara nyingi kutanichosha. Nimeona afadhali niliandike mara moja.

Binti yetu Sifa alihamia ng'ambo kabla mama yake hajaanza kuugua. Hakumuuguza wala hakumzika. Siku ile alinipigia akasema, "Papa, unipigie ule wimbo wa mama. Weka simu karibu na redio." Nikatia betri mpya, nikabonyeza. Ngoma ilianza vizuri, halafu redio ikakohoa, ikalia kama mbuzi, ikanyamaza. Nilipofungua kifuniko nikakuta mkanda umejizungusha kwenye magurudumu kama utumbo wa kuku. Nikavuta pole pole kwa kidole. Ukakatika.

"Papa, ni nini hiyo?"

Nikamwambia ukweli: redio imekula kaseti, na mimi nimeikata. Sifa akasema, "Ni sawa, papa." Mtu akikwambia ni sawa kwa sauti ile, ujue si sawa.

Rugaaga

Nilifunga kaseti katika kipande cha kitenge cha Faida, nikaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga ili jua na vumbi visiifikie. Watu waliniambia kwamba Rugaaga yuko fundi wa redio, Mrundi mmoja anayeitwa Deo, ambaye bado anagusa vitu vya zamani. Nikapanda boda asubuhi.

Kibanda cha fundi nilikikuta kimefungwa kwa kufuli. Pembeni yake mama mmoja wa Uganda alikuwa anakaanga chapati. Nikamsalimu, nikamuuliza.

"Deo hapana iko," akasema. "Leo soko ya Endiinzi. Yeye nakwenda na sanduku yake asubuhi sana. Radio yako nagonjwa nini?"

"Si redio, mama. Ni kaseti."

Akaacha chapati ikiungua upande mmoja. "Kaseti! Banange! Bado iko kaseti Uganda hii?" Akamwita mwenzake wa ng'ambo ya barabara. "Jane! Kuja uone mutu ya kaseti!"

Jane akaja akifuta mikono, akataka kuiona. Nikafungua kopo, nikafunua kitenge. Wakainama wote wawili kama wanaotazama mtoto mchanga. Jane akasema mjomba wake alikuwa nazo sanduku zima, na yeye na dada zake walizivuta mikanda yote wakaifunga shambani kufukuza ndege. "Ilikuwa nafanya kazi muzuri sana," akasema. "Ndege naogopa kabisa."

Nilicheka kwa adabu, lakini moyoni nilipata baridi. Niliwaza nyimbo ngapi zimekwisha hivyo, zikimetameta juu ya mtama. Yule mama alinipa chapati na maharage, akanipakia mwenyewe kwenye boda ya mpwa wake, akamwambia aende pole pole kwa sababu ya kopo.

Endiinzi

Endiinzi ni nchi ya ng'ombe. Siku ya soko unawasikia kabla hujawaona, halafu unaona pembe ndefu nyeupe juu ya vichwa vya watu. Fundi Deo nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake redio za wachungaji zimepangwa kwenye gunia, kila moja na kamba yake ya kuvalia shingoni. Ni mtu wa makamo, mwembamba, ana rozari ya plastiki kifuani.

"Karibu, mzee wangu. Amahoro. Umeniletea mugonjwa gani?"

Nikamwonyesha. Hakucheka. Akauliza, "Ni nani mu ndani?"

"Ni mke wangu."

"Alitangulia?"

"Alitangulia."

Akaweka kando redio aliyokuwa anaifanyia kazi, ingawa mwenye nayo alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Akafungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akakata ncha mbili za mkanda kwa wembe, akazigusanisha juu ya kioo cha saa, akabandika kipande chembamba cha gundi ya karatasi. Kisha akachukua kalamu ya biki, akaitia kwenye gurudumu, akazungusha. Sikuwa nimeona mtu akifanya hivyo kwa miaka mingi. Zamani sote tulifanya hivyo ili betri zisiishe.

"Nimeshona," akasema. "Lakini kuna ka fasi kalikuwa kameharibika sana, nimekatoa. Neno moja litapotea, labda mawili. Na sikia vizuri: usiitie tena mu redio yako. Huu mkanda umekauka kama ganda ya kitunguu. Utapita mara moja. Mara ya pili ni Mungu anajua. Kwa hiyo ipigie fasi bataishika, bayitie mu ordinateri, ile kompyuta."

"Fasi gani?"

"Mbarara, pale Kamukuzi. Kuna kijana Amon, anarekodi wanamuziki. Ile deki yake ya kaseti mimi ndiye niliitengeneza." Akampigia simu pale pale, wakaongea kwa Kinyankole, akacheka, akakata. "Anakungoja."

Nilipomuuliza nimpe nini, akatazama Biblia iliyokuwa kwapani mwangu. "Wewe ni muprotestanti?"

"Ndiyo."

"Basi uombee mama yangu, anaumwa miguu kule Burundi. Mimi nitamuombea bibi yako kwa rozari. Tutaona ombi gani litafika mbele."

"Lako litachelewa," nikamwambia, "linazunguka kwanza kwa Maria."

Alicheka mpaka mwenye redio naye akacheka bila kujua sababu. Nilishangaa nimefanya mzaha. Tangu mwezi wa kumi sikuwa nimemchekesha mtu.

Deo alinielekeza mahali gari la maziwa linapopakia kwenda Mbarara. Dereva alikuwa bado anapima maziwa, ikabidi ningoje. Bibi mmoja mzee, mwenye ng'ombe nadhani, aliniona nimekaa peke yangu akaniletea maziwa kwenye kikombe cha mbao chenye harufu ya moshi. Nikasimama kwa heshima, nikanywa. Akaanza kunikemea. Nilifikiri nimekunywa ya mtu mwingine. Dereva akapiga kelele kutoka kwenye mikebe yake: "Mzee, kaa chini! Maziwa hapana kunywa na kusimama. Ng'ombe nakasirika!"

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamaliza. Bibi akanijazia tena, na safari hii akakaa kando yangu kuhakikisha.

Gari la maziwa

Dereva anaitwa Mugisha. Alinikalisha mbele, peke yangu na yeye, na nyuma mikebe ya maziwa ikawa inagongana. Alikuwa na haraka kwa sababu jua lilikuwa kali, na maziwa yakichelewa yanaganda. Lakini hatujafika mbali tukakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Akazima injini.

"Hupigi honi?" nikauliza.

"Honi ya nini? Hawa ndiyo wenyewe wa maziwa. Mimi nabeba tu." Akashuka, akamsalimu mchungaji, wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, kisha za ng'ombe tena. Mikebe ilikaa juani na Mugisha hakuitazama hata mara moja. Aliporudi ndipo akashikwa na haraka upya.

Njiani akaniuliza kopo lina nini, nikamwambia. Akataka kujua tulirekodi wapi, studio gani. Nikamsimulia, na nitawasimulia na ninyi, kwa maana wengi wenu mlikuwa bado wadogo.

Ilikuwa kwetu Congo, upande wa Uvira, kabla hatujakimbia. Kwaya haikuwa na studio. Tulikuwa na redio moja ya kaseti mbili, ya shemasi, na kaseti ya mahubiri ambayo mtu alikuwa ameichoka. Kaseti ya kununua inakuwa na vitundu viwili juu vinavyozuia kurekodi. Tulivijaza karatasi iliyotafunwa, basi kaseti ikakubali. Tuliifunga nyumba madirisha yote, tukaweka redio juu ya kinu katikati ya chumba, tukabonyeza kitufe chekundu pamoja na cha kupiga, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kila mtu akazuia pumzi.

Redio ile ilikuwa na sikio moja tu, tundu dogo kama jicho la samaki. Kwa hiyo sauti tulizipima kwa miguu. Mwenye sauti ndogo alisimama karibu na kinu, karibu kabisa. Mwenye sauti kubwa alirudi nyuma. Mwimbishi wetu alituzungusha mmoja mmoja: wewe hatua moja nyuma, wewe njoo, wewe geuka utazame ukuta. Mtu akikosea, tulirudisha mkanda tukaanza upya, maana hapakuwa na kurekebisha sauti moja na kuacha nyingine. Ni wote au hakuna. Faida alikuwa na sauti iliyoweza kuita mtu ng'ambo ya mto. Walimrudisha nyuma, wakamrudisha, mpaka akafika mlangoni na mwili nusu ukawa nje. Alikuwa amembeba Sifa mgongoni. Akauliza, "Sasa niende kwetu kabisa?" Watu wakacheka, ikabidi tungoje kicheko kiishe.

Baadaye kaseti ile ilinakiliwa. Mtu alikuja na redio yake, tukaweka mbili zikitazamana, moja ikiimba, nyingine ikisikiliza. Nakala ilizaa nakala. Kila moja ilikuwa na ukungu zaidi kuliko mama yake, lakini zilivuka ziwa, zikaenda Kigoma, zikaenda Bujumbura. Watu ambao hawakutujua walituimba.

"Na hii ni nakala?" Mugisha akauliza.

"Hii ni yenyewe."

Baada ya hapo alikuwa akipunguza mwendo kwenye kila shimo.

Karibu na Mbarara polisi walitusimamisha. Mmoja akachungulia dirishani, akaona nimekumbatia kopo kwa mikono miwili.

"Wewe mzee, iko nini ndani?"

Nikamjibu, "Ni sauti ya mke wangu."

Akamtazama Mugisha. Mugisha akaitikia kwa kichwa: ni kweli. Yule askari akacheka sana. "Sauti ya bibi naweka kwa kopo? Mimi yangu nashindwa kuweka mahali! Iko kwa simu, iko kwa nyumba, iko kwa kichwa!" Mugisha akamwambia maneno machache kwa Kinyankole, na yule askari akaacha kucheka. Akanyoosha mkono kupitia dirishani, akanishika mkono. "Pole, mzee. Pole sana. Endeni."

Kamukuzi

Amon tulimkuta anatungoja barabarani, chini ya kilima, kwa sababu Deo alimpigia tena. Ni kijana wa Kinyankole, mrefu, nywele zimesukwa. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo alikulia kambini na anasema Kiswahili bila woga. Chumba chake cha kurekodia kiko nyuma ya nyumba ya mama yake. Kuta zote amezibandika godoro na trei za mayai. Nilipoingia na mlango ukafungwa, nilisikia masikio yangu mwenyewe. Hakuna jogoo, hakuna pikipiki, hakuna kitu.

Aliosha mikono kabla ya kushika kaseti. Nilimpenda kwa hilo.

"Sasa mzee, unataka nifanyeje?"

Nikamwambia, "Uitie mu ordinateri. Halafu uisafishe. Toa makelele yote, ibaki wimbo tu." Nilisema hivyo kwa sababu mke wangu alikuwa anakwenda kwa binti yake. Siku ya mazishi wamama wa kanisa walimwosha Faida, wakampaka mafuta, wakamvika kitenge kizuri. Nilitaka na sauti yake iende vile vile.

"Nitasafisha," akasema. "Kaa hapo nje kwa kiti, joto ni mingi huku. Nitakuita."

Nilikaa barazani nikiomba. Aliniita akiwa anatabasamu, akanivalisha vile vyombo vikubwa vya masikioni. "Sikia, mzee. Kama wamerekodi jana."

Nikasikia kwaya yetu. Niliwatambua mmoja mmoja: shemasi, mwimbishi, Mama Riziki ambaye alikuwa karibu na kinu. Sauti zilikuwa safi, kavu, kama watu waliosimama ndani ya sanduku. Nikangoja Faida aingie pale alipokuwa akiingia. Hakuingia. Ubeti ukapita. Kulikuwa na kitu chembamba nyuma, kama mtu anayeongea ndani ya maji, kikaisha.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mke wangu. Umemtoa."

Amon akanivua vile vyombo masikioni, akasikiliza mwenyewe, akakunja uso. "Mzee, mimi nimetoa mvua tu. Kulikuwa na mvua kubwa juu ya mabati, na mtoto analia. Umesema nitoe makelele."

Ndipo nilipokumbuka mvua. Nilikuwa nimeisikia kwenye kaseti ile maisha yangu yote mpaka masikio yangu yakaacha kuihesabu. Nikamweleza kuhusu redio juu ya kinu, na jinsi tulivyomrudisha Faida hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Hakuwa karibu na redio. Alikuwa karibu na mvua.

Amon akashika kichwa. "Ah! Ndiyo maana. Mashine imeona yeye na mvua ni kitu moja. Nimefuta mvua, nimemfuta na yeye." Akageukia kompyuta haraka. "Usiogope, mzee. Nairudisha. Bado sijahifadhi, narudi nyuma tu—"

Umeme ukakatika.

Feni ilizunguka polepole, ikasimama. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Nilimtazama Amon, na kwa jinsi alivyokaa nilijua kwamba kile alichokuwa amekishika hakipo tena, safi wala kichafu. Na maneno ya Deo yakanijia: mara ya pili ni Mungu anajua.

"Mzee," akasema, "nisamehe."

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeomba asafishe.

Mama yake alituita tule wakati tukingoja umeme. Alikuwa ametengeneza katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo, na kando bakuli la kitu cheupe laini ambacho nilidhani ni mafuta ya kujipaka. Sikukigusa. Mama akaona. "Papa wa Congo anaogopa eshabwe!" akasema, na Amon akatafsiri. "Ni samli, mzee, tunapigapiga na chumvi mpaka inakuwa nyeupe. Wanatengenezea harusi. Leo ametengenezea wewe." Nikaonja. Ni chakula kizuri, nawaambia, ila moyo wangu haukuwa mezani.

Amon hakula sana. Alikuwa ananitazama, kisha akasema, "Nikuambie kitu utacheka. Mimi kila wiki naongeza mvua."

"Unaongeza wapi?"

"Kwa muziki. Wanafunzi wanapenda, wanasoma nayo. Piano kidogo, ngoma kidogo, polepole. Halafu naweka juu mvua, na ile sauti ya kaseti, shhhh, na kukwaruza. Wanaiita lo-fi. Kwanza ilikuwa shida tu: watu hawakuwa na studio, wanarekodi jikoni, chumbani, kwa kaseti, kama nyinyi. Sasa mashine zimekuwa safi sana na watu wanatafuta ule uchafu. Nanunua mvua kwa mtandao, mzee. Mvua ya watu sijui wa wapi."

"Kwa nini wanaupenda?"

Akafikiri. "Sauti safi haina mahali. Unasikia mtu, lakini hayuko popote. Ile nyingine, unasikia alikuwa ndani ya nyumba."

Nilitafuna hilo pamoja na katogo. Sijasoma sana, lakini hilo nilielewa mpaka chini. Kule kwetu nyumba ile ilichomwa. Mwimbishi amekufa, shemasi hatujui aliko. Nilikuwa nimekuja Mbarara kumwomba kijana wa watu anifutie nyumba.

Umeme ulirudi alasiri. Amon akawasha kila kitu, akajaribu kwanza na kaseti nyingine mbovu kuhakikisha deki haina njaa. Kisha akaniambia nibaki ndani. Kaseti ilipoanza, aliweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, na mimi niliweka mkono wangu juu ya bega lake, sijui kwa nini. Alinong'ona kwamba hatagusa chochote, atashika tu kinachokuja.

Mvua ikaanza. Kisha ngoma. Pale Deo aliposhona, mkanda uliruka, neno moja likapotea. Haukukatika. Kwaya ikaendelea. Na Faida akaingia kutoka mlangoni, mbali, akiwa na mvua begani, na Sifa akilia mgongoni mwake, na mama akiimba kwa kumtikisa, hivi kwamba sauti inapanda na kushuka kidogo. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba anamtikisa. Kwenye redio yangu ndogo jambo hilo halikusikika.

Wimbo ulipokwisha, yule mhubiri wa zamani ambaye tulimfuta akatokea katikati ya sentensi yake, kwa sauti kubwa: "—na ndiyo maana nawaambieni, msiwe wavivu!" Amon aliruka kwenye kiti. Nikacheka, na nililia pia, sitaficha.

Safari hii alihifadhi kwanza. Alihifadhi kwenye kompyuta, akahifadhi kwenye simu yake, akahifadhi kwenye kadi ndogo ya redio, akanipa. Kisha tukamtumia Sifa. Kule alipo ilikuwa bado mapema. Tulikaa tukitazama simu kama watu wanaongojea maziwa yachemke. Jibu lake lilikuja kwa sauti:

"Papa, nimemsikia. Nimemsikia mama. Lakini huyo mutoto anayesumbua ni wa nani?"

Nikabonyeza nikamjibu, "Ni wewe."

Akatuma sauti nyingine, ndefu, na ndani yake alikuwa anaimba pamoja na kaseti, ile sehemu ya mama yake. Simu yake ilikuwa imeshika na jiko lake, na basi linalopita nje, na mtu anayefunga mlango. Amon aliniuliza kama nataka aisafishe. Tulitazamana, tukacheka wote.

Mama yake hakukubali niondoke siku ile. Alinitandikia sebuleni.

Kurudi

Mugisha alinichukua asubuhi akiwa na mikebe mitupu, ikilia kama kengele njia nzima. Alitaka kusikia. Gari lake lina tundu la kadi, tukaitia, akaisikiliza mpaka mwisho, na mhubiri alipopiga kelele akajibu, "Amina, sebo!" Kisha akauliza kama anaweza kubaki na nakala. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia ndiyo. Zamani hatukumnyima mtu.

Alinishusha Endiinzi. Deo hakuwepo, siku haikuwa ya soko, kwa hiyo nilipitia Rugaaga, nikamkuta kibandani kwake. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Pale kwenye mshono alifumbua jicho moja, akasema, "Hapo ni mimi," kisha akalifumba tena. Kaseti yenyewe alishauri nisiipige kamwe. Nimeirudisha kwenye kitenge.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado kali, mbingu nyeupe kwa joto. Sikutaka kusalimiana na mtu kwanza. Nilitia kadi kwenye redio, nikaiweka kwenye kizingiti, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikakaa ndani kwenye kitanda.

Mvua ilikuwa haijapiga hata dakika moja nikasikia jirani yangu, Mama Neema, anapiga kelele nyuma ya nyumba: "Papa Sifa! Papa Sifa, mvua! Mahindi yangu! Njoo unisaidie!"

Na mimi, ambaye nilikuwa nimetoka kuibeba mvua ile mwenyewe kutoka Mbarara, nilikurupuka, nikakimbia nje, nikashika ncha moja ya turubai. Tulikuwa tumekwisha kukusanya nusu ya mahindi, yeye akiwaita watoto walete magunia, ndipo alipotazama juu. Akanitazama mimi. Nyuma yetu Faida alikuwa ameanza kuimba.

Mama Neema alimjua. Waliimba pamoja hapa kambini. Alisimama na turubai mkononi mpaka ubeti ukaisha.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye."

"Na mvua?"

"Ni ya kule kwetu."

Akacheka mpaka akakaa chini juu ya mahindi. Kisha akajifuta macho, akashika ncha yake ya turubai, mimi nikashika yangu, na tukayaanika tena.